Ngeta: Neno Nililolikisia

Chumba cha Mzee Athumani, pale Mbotela, kilinukia mafuta ya cherehani na kitambaa chenye majimaji kilichopitishwa pasi ya makaa. Msimu ule wa masika nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila alasiri nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake iliyokanyaga cherehani, nikisoma riwaya yake kuukuu isiyokuwa na jalada. Ilimhusu kijana aliyekulia katika mitaa hiihii yetu, zamani, kabla ya uhuru. Maneno mengi yalinishinda, nami niliyaandika yote katika daftari, kila neno na mstari wake. Yale ya pwani mzee aliyafafanua bila kuinua macho: ghulamu ni kijana, staftahi ni chakula cha asubuhi. Yale ya mtaani hakuyajua. "Hayo ni ya hapa kwenu, mwanangu," alisema. "Mimi mtu wa Lamu. Waulize wenzio."

Sikuwauliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini niliona haya kuonekana mshamba katika mtaa wangu mwenyewe, na mwalimu alikuwa ametufundisha kukisia maana kwa kutazama maneno ya jirani. Ndivyo nilivyofanya nilipofika kwenye neno ngeta. Sentensi ilisema kwamba rafiki wa yule kijana alimjia kwa nyuma kimyakimya, akampitishia mkono shingoni, akampiga ngeta. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanika. Rafiki, mkono, shingo. Niliandika kwa wino: "Ngeta: kumkumbatia mtu bila yeye kutarajia."

Juma lile mvua ilikatika ghafla, maji yakasimama mitaroni na kuanza kunuka. Vijana watatu wasiokuwa wa mtaa wetu walikuja kuketi kwenye ukuta uliotazamana na mlango wa mzee. Walikaa kutwa, hawana kazi, hawachezi hata karata, na hawakumsalimu mtu. Nilipokuwa nikipita na ndoo ya maji, nilimsikia mmoja akisema, "Huyo buda wa kanzu, kesho akitoka kuswali alfajiri tunampiga ngeta."

Mwenzake alicheka. "Mkono mmoja unatosha, msee. Huyo amezeeka."

Nilifurahi. Neno la kitabuni lilikuwa hai, nami nimelielewa bila msaada wa mtu. Nilikimbia hadi kwa mzee, maji yakinimwagikia miguuni.

"Mzee, wale vijana watakupiga ngeta kesho!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Watakukumbatia. Kwa nyuma, kwa hiyo usishtuke."

Aliwatazama kupitia dirisha, uzi ukiwa katikati ya midomo yake. "Haya, na wanikumbatie," alisema. "Mradi wasinichafulie kanzu."

Kulipopambazuka waumini waliotoka msikitini baada yake walimkuta amelala kichochoroni, nyuma ya vyoo, kanzu yake imelowa tope.

Hakufa. Alirudi kutoka hospitali baada ya majuma mawili, shingo imefungwa, sauti yake imebaki mkwaruzo. Nilijificha siku nne. Siku ya tano aliagiza niende, na niende na daftari. Alilifungua mwenyewe, akapitisha kidole mstari baada ya mstari hadi akalifikia neno, kisha akanirudishia.

"Futa. Andika," alinong'ona, akipumzika baada ya kila neno. "Kumkaba mtu koo, kwa nyuma, ili kumwibia."

Niliandika. Akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Hakulitaja tena jambo lile, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi Lamu.

Shule niliiachia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe. Sasa naishi Kayole, ghorofa ya tatu. Binti yangu akikwama kwenye neno la kitabuni hulitafuta katika simu, na mara moja analipata. Maneno ya mtaani siku hizi hayadumu hata muhula mmoja, na simu huyapata yakiwa yamekwisha kufa. Jana, chini ya dirisha langu, vijana walimtaja jirani yetu anayeuza mayai, wakaongeza neno nisilolijua, wakacheka. Nilishuka ngazi zote.

"Sasa vijana. Hilo neno, maana yake nini?"

"Achana nayo, mathe. Hiyo ni lugha yetu."

Niliwaambia kwamba nina muda wa kutosha. Nikaketi kwenye ngazi ya mwisho, nikawatazama usoni mmoja mmoja, nikangoja, hadi kicheko kikaisha.