Sala ya Kufungulia Semina Isiyokuwa Yangu

Sifa kwa Mungu wa rehema, aliyeniacha hai baada ya mambo ya Muhumba, maana siku ile nilimwomba anichukue palepale nilipokuwa nimesimama, akakataa, na leo ninamshukuru kwa kukataa. Ninyi marafiki zangu wa jumuiya mmekuwa mkinong'ona habari hii kila mmoja kwa namna yake (kuna hata anayesema nilitolewa na polisi, Mungu amsamehe), basi afadhali muisikie kwangu, aibu nzima bila kupunguza.

Mjukuu wangu Nsimire yuko mwaka wa mwisho wa chuo, na chuo kinadai kila mwanafunzi afanye staji, yaani akae miezi michache katika ofisi ajifunze kazi, bila mshahara, na asipoipata hawezi kutetea kazi yake ya mwisho, atangoja mwaka mwingine mzima. Mtu angefikiri kazi ya bure ni rahisi kupata. Wapi. Mtoto alizunguka ofisi zote, hapa anaambiwa "acha barua, tutakuita," pale anaulizwa "nani amekutuma?", na sisi hatuna wa kututuma, kwani mimi ni katekista mstaafu wa Kadutu na wakubwa ninaowafahamu vizuri wako mbinguni. Katika shirika moja la mtaa wa Muhumba, mkuu wa wafanyakazi, Papa Déo, alimwambia arudi kesho, na kesho yake akamwambia arudi kesho, mpaka soli za viatu vyake zikaachia.

Hatimaye Papa Déo akakubali kumwona ofisini kwake. Mama yake akasema msichana haendi peke yake, nikapewa kazi ya kumsindikiza, nikavaa suti yangu ya misa. Njiani Nsimire aliniwekea sharti. "Koko, utabaki kwa sentineli. Tena usiongee na mutu."

Nilibaki kwa sentineli, mlinzi wa getini, kama nilivyoagizwa (kuhusu kutoongea, sentineli ndiye aliyeanza). Akaniambia kwa sauti ya chini, "Muzee, hapa stajieri bote ni batoto ya shangazi ya chef, Papa Déo. Huyu wako atarudi kwenu." Neno lile likanichoma. Kisha mvua ya Bukavu ikashuka, ile isiyopiga hodi, na dada mmoja mwenye mwavuli akanijia mbio. "Papa, unalowana bure, ingia, benzako beko ndani."

Ningesema hapana, leo msingekuwa na cha kunicheka. Nikaingia. Akanivika beji shingoni, akanipa chai na sambusa, akanionyesha ukumbi uliojaa watu wazima wenye beji kama yangu. Viti vya mbele vilikuwa vitupu (hata kanisani ni hivyohivyo), nami kwa mazoea nikaketi mbele kabisa, mbele ya meza ya wageni ambapo alikaa mama mmoja mkurugenzi kutoka makao makuu, na mkalimani pembeni yake akimtilia Kifaransa sikioni.

Mwongozaji akasimama. "Kabla hatujaanza, tumuombe muzee wetu wa hapa mbele atusalishe."

Mnajua desturi yetu. Hakuna mkutano unaofunguliwa bila sala, hata uwe wa kujadili mabati, na mwenye mvi ndiye anayepewa. Nikageuka nyuma kutafuta mvi nyingine, nikaona vichwa vyeusi tu. Ningeweza kusema, mwanangu, mimi nimejificha mvua. Lakini katekista kukataa kusali, kinywa changu hakikujua njia ya kusema neno hilo.

Nilianza vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa mvua, kwa wageni, kwa chai. Wakaitikia amina nzito, na amina nzito kwa katekista aliyestaafu ni kama mteremko kwa lori lisilo na breki. Nikaingia kwa vijana. "Bwana, waangalie wanaotafuta staji." Amina! "Wanaoambiwa kesho, kesho." Amina, na mama mmoja wa nyuma akasema, "Ee Baba, unatuona." Basi nikafumba macho zaidi. "Mwangalie Nsimire, aliye saa hii humu ndani mbele ya Papa Déo. Ulegeze moyo wa Papa Déo, Bwana, maana wewe unajua kwa nini kila staji ya nyumba hii inaenda kwa watoto wa shangazi yake."

Amina haikuja. Katekista akikosa amina anafikiri hawakusikia, kwa hiyo nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nikafungua jicho moja. Mkalimani, mtu mwaminifu kwa kazi yake, alikuwa anamalizia shangazi kwa Kifaransa. Mlangoni alisimama mwanamume wa miwani, na kando yake Nsimire, akinitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyepanda altareni. Sikujua namna ya kumaliza, nikafanya ishara ya msalaba, na ukumbi mzima ukafanya, hata Waprotestanti.

Mwenye miwani akanisogelea taratibu, akasoma beji yangu. "Muzee, hapa imeandikwa uko prezida wa wafugaji wa Bagira."

"Hapana, chef. Mimi niko wa mvua."

Nyuma wakaanza kucheka. (Prezida wa wafugaji mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa getini analowana, amekatazwa kuingia kwa sababu orodha ilisema amekwisha kufika.)

Mama mkurugenzi akasema jambo, mkalimani akatafsiri. "Maman anauliza, huyo Nsimire ni nani?"

Nilitaka kusema hayupo. Staji ya mtoto, mwaka wake mzima, ilikuwa inaelea juu ya ukumbi ule, na mimi ndiye niliyeipeperusha. Nsimire akainua mkono. "Ni mimi, maman. Na huyu ni koko yangu. Anapenda kusali."

"Amepokelewa?"

Papa Déo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Amepokelewa, maman. Nilikuwa namuleta aanze leo, aandike maneno ya semina." Akanigeukia. "Nimemupokea mbele ya sala, hapana juu ya sala." Yaani kabla sijafungua kinywa.

Hapo ndipo yule mama wa nyuma alipotoa amina iliyobaki.

Tulirudi Kadutu jioni, Nsimire akitembea hatua tatu mbele yangu, mpaka tulipofika sokoni. "Koko," akasema, "mbinguni balikuwa bamesikia tayari. Ungenyamaza kidogo tu." Staji anaifanya mpaka sasa, na kila asubuhi Papa Déo anamuuliza leo koko anatuombea nini. Nami nimeapa: majina ya watu nitayataja chumbani kwangu, mlango umefungwa, na shangazi wa mtu sitamgusa tena hata huko.

Nawe unayesoma, Mungu akufungulie mlango unaobisha, akupe watoto watakaokubali kuwa wewe ni wao hata mbele ya watu, na usiitwe kusalisha siku ambayo moyo wako umejaa maneno ya sentineli.