Sufuria ya Presha Iliyonyamaza

Ipo siku moja nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho, na kwa kuwa Jumamosi unakwenda kumpokea mkeo uwanja wa ndege, nitakusimulia. Kaa vizuri, mwanangu. Chai haitakimbia.

Tulikuwa tumepanga vyumba vya juu mtaa wa Handsworth, huku huku ughaibuni, nyuma ya Barabara ya Soho, mimi na kaka yangu, yaani baba yako. Mama yako ndiyo kwanza ametoka Tanga, na wewe ulikuwa tumboni, umeshaanza kupiga mateke. Chini aliishi mwenye nyumba, Bibi Hollis, mjane aliyepindwa vidole na baridi yabisi. Miaka ile kupata chumba ukiwa mweusi ilikuwa kazi. Milango mingine tulifungiwa hata salamu hatujamaliza. Na juu ya mtoto atakayezaliwa, Bibi Hollis hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Sisi nasi tuliogopa kumuuliza.

Woga huo ndio niliompokea nao mama yako. Hata koti hajavua, nikamsomea sheria: usikanyage ngazi kwa kishindo, usitwange kitu, usikaange samaki, usicheke dirisha likiwa wazi. Kila akiuliza kwa nini, nilimjibu, "Hapa si Tanga, wifi. Wewe fuata tu." Naye, maskini, alifuata. Alitembea kwa ncha za vidole kama mwizi, ndani ya nyumba tunayoilipia kodi.

Krismasi ilipokaribia, Bibi Hollis alinipa sufuria yake ya presha akaniomba nimpikie pudini, ile keki yao ya Krismasi inayoivishwa kwa mvuke, maana vidole vyake havikuweza tena kukoroga. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia, pudini ikitoka vizuri, huenda na mtoto akapata pa kulala. Nikachanganya zabibu kavu, makombo ya mkate, shahamu ya ng'ombe, sukari nyeusi na viungo, nikashindilia kwenye bakuli, nikalifunika kwa karatasi na kitambaa, nikalifunga uzi na kulikalisha ndani ya sufuria yenye maji. Bibi alikuwa amenielekeza: kwanza mvuke uachwe utoke wazi kwenye tundu la mfuniko, ili pudini iumuke, baadaye ndipo kile kichuma kizito kiwekwe juu ya tundu, presha ianze. Nikawasha gesi. Mvuke ulipoanza kufoka, nikamwambia mama yako, "Kaa hapa uiangalie, usiguse kitu," nikatoka kwenda kununua mkate dukani kwa Kalasinga.

Niliporudi, tangu kwenye ngazi nikahisi kuna jambo. Sufuria niliyoiacha ikipiga kelele mpaka koridoni haikusikika kabisa. Jikoni, mama yako ameketi karibu na jiko, tumbo limeelekea moto, anatabasamu. Kichuma kimeshakaa juu ya tundu, na chini yake umechomoza unga, donge lililobaki kwenye chapati za jana, limekauka na kubadilika rangi. Mfuniko ulikuwa unatetemeka.

"Wifi, umefanya nini?"

"Bibi amegonga dari kwa ufagio," akaninong'oneza. "Kelele zimemuudhi. Nikaziba na unga kama tunavyoziba sufuria ya biriani, mvuke usitoke."

Sijawahi kuogopa vile tena, mwanangu. Kuingia niliogopa, kukimbia niliona aibu, na kupiga kelele, utaamini, hata hilo niliogopa, Bibi asije akasikia. Kisha nikamwona mama yako anajiinua taratibu, mkono ameushikiza kwenye ukingo wa jiko, na hapo sauti ikanitoka yenyewe. "Toka, Rehema! Toka!" Nikamvuta, nikamsukuma mlangoni, nikarudi nimejiinamisha, nikazima gesi na kukimbia. Hatujafika katikati ya ngazi, sufuria ikalia kwa kishindo. Kizibo cha mpira cha usalama kilifyatuka kutoka kwenye mfuniko kikapiga dari, mvuke ukajaa jikoni, na plasta ikamwagika kwenye sinki.

Bibi Hollis tulimkuta chini ya ngazi na ufagio wake. Mama yako ameshika tumbo, analia. "Atatufukuza, wifi. Na mtoto huyu nitamzalia wapi?" Mimi, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikaanza kumtupia lawama yeye: nilimwambia asiguse, akagusa. Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Niligonga ili apunguze moto, ulikuwa mkali mno," akasema. "Ulimweleza mvuke ule unatoka kwa nini?"

Sikuwa nimemweleza.

"Na nani aliwaambia kwamba nataka kimya? Tangu mume wangu afariki, kimya cha nyumba hii kinanitisha. Nawasikia huko juu mnanyata, nikadhani hamnipendi." Kisha akamwekea mama yako mkono tumboni, kwa vidole vile vilivyopinda, akauliza kitanda cha mtoto tutakiweka upande gani.

Pudini tuliipika upya, tukaila sote, ngumu kidogo upande mmoja. Alama ya kizibo ilibaki darini. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiionyesha kwa kidole, nasi tukikwambia ni mwezi.

Sasa mkeo anakuja, na nimekusikia jana ukihesabu utakayomkataza. Mwanangu, usimpokee kwa woga wako. Ukimkataza jambo, mweleze sababu. Na kama sababu huijui, nenda kwanza ukaulize, huenda hakuna aliyelikataza. Akikuuliza kwa nini, mjibu, hata kama umetoka kazini umechoka. Swali la mama yako niliona ni usumbufu, na nusura niwapoteze nyote wawili.

Haya, nenda. Mungu amfikishe salama, awape watoto, na awajalie nyumba yenye kelele.