Mume wangu anaamini risasi ya mdogo wake ndiyo inayomuua

Admin, ficha jina langu, mengine yaache kama nilivyoandika. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi Rusizi, Rwanda, mpakani na Kongo. Mume wangu, fundi wa kiwanda cha saruji, amelazwa na wameniambia hatapona.

Zamani, kabla hajanioa, vita ya Kongo ilimkimbiza porini yeye na mdogo wake. Mdogo wake aliokota bunduki, akaichezea, ikalia. Risasi ikampiga mume wangu pajani. Kidonda kilipona, lakini hawakusemezana tena. Shemeji alibaki Bukavu, mume wangu akaja upande huu.

Miaka michache iliyopita uvimbe uliota kwenye paja lile lile. Haukumuuma. Kila mtu alisema ni risasi imeamka, na risasi ya zamani haichokozwi, basi tukawa tunaukanda kwa maji ya moto tu. Jamani, ujinga huu unanitafuna! Ukakua hadi kama parachichi. Kisha akaanza kutapika, choo kikawa cheusi.

Daktari aliniita pembeni. "Maman, tuliangalia ku radio, ile picha ya ndani ya mwili, hakuna masasi humu. Ile ilipitaka zamani, haikuleta hii. Hii ni kansa ya nyama, ilianzia ku paja, sasa imefika mu matumbo. Hatuwezi tena kuiponyesha."

Mume wangu sijamwambia. Bado ananishika mkono: "Maman, ambia badogoteri batoe hii masasi, nirudi ku kazi." Juzi aliwaita watoto akawaambia, "Nikikufa, mujue ni baba yenu mudogo ameniua." Kijana wetu mkubwa akatoka nje. Mwanangu namjua, huyo hasahau.

Na shemeji yuko nje ya wodi tangu jana. Alivuka mpaka pale Rusizi ya pili na kapu la sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, hajui kwamba kaka yake hamezi tena hata uji. Mume wangu amekataa kumwona. "Shemeji, umwambie tu nilikuwa mutoto," ananililia huyo mdogo wake. Hata yeye anaamini amemuua kaka yake.

Nikisema ukweli, namnyang'anya mgonjwa wangu tumaini alilobaki nalo. Nikinyamaza, anakufa na chuki ile, na mwanangu anairithi. Ameamka sasa hivi, ananiuliza kama risasi wataitoa kesho. Ndugu zangu, nimjibu nini?