Uzi Uliotoka London Bila Kutua

Ule mngurumo ulikuwa mwembamba mno. Nilisimama kando ya uwanja wa ndege wa Tanga na akina mama wa ukoo mzima waliovaa kanga sare, na kabla ndege haijatokeza juu ya mikonge masikio yangu yalikwisha kuniambia kwamba injini ni moja, ilhali mimi, mwanafunzi wa shahada ya pili ya jiografia, nilikuwa nimewatangazia watu ndege ya Nairobi yenye injini mbili. Aibu iliyofuata naisimulia nikiwa bado nimeinamisha uso.

Salimu, mchumba wa mdogo wangu Zuhura, alileta habari kwamba anaondoka London Jumanne asubuhi kuja kufunga ndoa. Lini atafika, hakusema. Shangazi Mwanaidi akashauri tupige simu Nairobi, atakakobadilisha ndege, tuulize.

"Ya nini, Shangazi? Hilo ni jambo la hesabu."

Nikatandaza uzi juu ya tufe la dunia, London hadi Tanga, nikaupima, nikagawanya umbali kwa mwendo wa ndege, nikarekebisha hata tofauti ya saa za kwao na zetu (jambo lililonifurahisha peke yangu kwa muda mrefu), kisha nikatamka: Jumatano, kabla ya adhuhuri. Baba, ambaye tangu mwanzo alimtaka binamu yetu wa Kigombe, akaidaka kauli hiyo: "Asiposhuka siku hiyo, Zuhura ataolewa Kigombe."

Ndege ikatua. Matari yakalia, vigelegele vikapaa, na Shangazi (huona haya kuvaa miwani mbele za watu) akammwagia abiria wa kwanza marashi usoni, akamvika koja la asumini. Alikuwa Mgiriki mnene wa mashamba ya mkonge.

"Toba! Salimu, Ulaya imekuchujua hivi?"

"Asante, mama," akajibu akipangusa macho, "lakini mimi nina mke tayari."

Watu wakavunjika mbavu. Baba hakucheka, aligeuka kuelekea garini. Nikamfikiria Zuhura nyumbani, mtaa wa Usagara, hina mbichi mikononi, akingoja honi zetu. Hesabu yangu ilikosea wapi? Niliirudia yote kichwani nikaiona sahihi, mpaka nilipoona pipa la mafuta likiviringishwa kuelekea ile ndege ndogo. Uzi wangu haukutua popote! Haukunywa mafuta Roma, haukungoja abiria Khartum.

"Baba, nakuomba! Simu moja tu!"

Karani wa uwanja akaniunganishia Nairobi, na baada ya kungoja kwingi, wakamleta Salimu mwenyewe.

"Shemeji? Ndiyo kwanza nashuka! Kila mji tumetua. Kesho asubuhi niko Tanga. Kwani nani aliwaambia leo?"

Swali hilo nililiruka. Nikampa Baba simu. Sauti ya Salimu ilitufikia sote.

"Shikamoo, Baba."

Baba akaiweka salamu kando. "Njia yote hiyo umelala wapi?"

"Kitini, Baba. Sikupata usingizi."

"Kwa ajili ya binti yangu?"

"Kwa ajili yake."

Baba akanitazama mimi, akatazama koja shingoni mwa Mgiriki. "Marahaba, mwanangu. Lala sasa. Kesho nitakupokea mwenyewe."

Nikaapa palepale kwamba uzi nitashonea vifungo tu. Lakini kiapo changu hakuna aliyekisikia, maana Shangazi alikwisha kunyakua simu na kupiga kigelegele ndani yake, kirefu, mpaka Nairobi wakakata.