Mama Fungua

Siku hizi lango la mlima limetulia kupita kiasi. Mifuko ya taka inashuka, inapimwa, inaondoka, na hakuna anayefoka, "Fungua huo mfuko!" Sauti hiyo ilikuwa ya mjane mmoja mfupi, mpimaji wa taka langoni, ambaye wapagazi walimbatiza Mama Fungua.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Kila kampuni ya utalii irudishe kilo tatu za taka kwa kila mgeni aliyepanda. Anayetimiza hupata cheti cha kijani, na wafadhili wakiona vyeti vingi, hutoa fedha za mwaka unaofuata. Kanuni ilitaka uzito tu. Haikusema popote kwamba mfuko ufunguliwe. Yeye aliufungua kwa sababu kijito kinachotoka kambi ya juu kinapita nyuma ya jiko lake, na ndiko anakochota maji.

Kwa miaka sita aliijua taka ya mlimani kama anavyoyajua masufuria yake: mitungi midogo ya gesi, betri, karatasi za chokoleti, soksi zilizochoka kuliko mvaaji wake. Asubuhi moja kampuni kubwa kuliko zote ikaleta mifuko arobaini, imefungwa vizuri mno. Akafungua wa kwanza. Nepi. Maganda ya viazi. Kandambili moja. Daftari la hesabu la darasa la tatu.

"Nani kapanda na mtoto wa kunyonya?"

"Mgeni alikuja na familia, mama," mpagazi akajibu, macho kwenye viatu vyake.

"Na huyu wa darasa la tatu alikwenda kileleni kufanya mtihani?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Walijua. Mifuko ilijazwa kwenye jalala la mjini, ikapandishwa kwa lori hadi juu kidogo ya lango, ili ionekane inashuka. Taka ya kweli ilibaki kambini, kwenye chemchemi ya kijito kile.

Mkuu wa lango, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyempa kazi ile. Akamvuta pembeni.

"Shemeji, wafadhili wanafika saa nne. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe lenyewe linanuka, shemeji."

"Bila vyeti hakuna fedha, bila fedha hakuna kazi. Wewe umewekwa hapa kupima, si kunusa."

"Watoto wako wanakunywa maji gani?"

Shemeji akatazama saa yake. Watoto wake walikunywa ya chupa.

Wafadhili walipofika, wamevaa kofia mpya, Mama Fungua akaubeba mfuko ule wa kwanza na kuumwaga miguuni pao. Nepi ikatua kando ya kiatu cha mzee mwenye kamera.

"Hii ni taka ya mjini!" Mama Fungua akapaza sauti. "Ya mlimani iko juu, tunainywa!"

Mkuu wa lango akatabasamu, akawatafsiria kwa Kiingereza: "Anasema, tazameni uchafu tunaopambana nao kule juu."

Wakapiga makofi. Nepi ya mtoto wa watu, haijawahi kuuona mlima hata kwa mbali, na watu wazima wenye shahada zao wakapiga makofi.

Kampuni ilipewa cheti mchana uleule. Mwezi uliofuata langoni ikafungwa mizani ya kidijitali, isiyohitaji mtu. Barua ya kumwachisha kazi aliletewa na shemeji yake, ambaye hakuvuka kizingiti.

Sasa Mama Fungua anafua mashuka katika nyumba ya wageni karibu na stendi, Jumatatu hadi Jumamosi. Maji ya kunywa bado anachota kijitoni, na anayachemsha mara mbili.