Mkuu wa Zamu na Kidole Changu

Mkuu wa zamu katika chama chetu cha redio za kuzungumziana kwa mbali hana haraka hata ya kupiga chafya. Kila Jumamosi hufuta kipaza sauti kwa leso, hukohoa pembeni, kisha huwaita wageni kwanza waseme hewani. Mkongwe akidakia, humwambia, "Wewe tumeshakuchoka, ngoja."

Siku yangu ilipofika niliuliza niseme nini, mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kupata likizo. "Bonyeza hapo, bibi, sema lolote," akanihimiza. Nikabonyeza, nikasimulia nilivyomfukuza chui kwa mwiko hadi akaniomba radhi. Nikamaliza, nikangoja. Kimya. Nikajua uongo wangu umezeeka kama mwenyewe. Nikaanza kutafuta viatu kwa miguu, kipaza sauti bado nimekikumbatia. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono wake unaonukia sabuni, akakiinua taratibu kidole gumba changu kutoka kwenye kitufe. "Ukibonyeza, bibi, hakuna anayeweza kukujibu. Waachie na wao."

Hapo sauti zikamiminika redioni, zikigombania zamu: "Bibi, huyo chui aliomba radhi kwa lugha gani?" Nikabonyeza tena, naye, kwa usalama wa chama, hakukiachia kidole changu.