Bwana yangu alivaa gilet ya bapanda farasi ku barabara ya Beni, basoda bakazani ni ya vita

Wakuu, na nyinyi bamama benye munasomaka kimya kimya bila kuandika hata neno moja, salamu.

Mi niko mu Butembo, Vulamba. Nashonaka nguo, niko na mutoto moja mudogo, na leo niko na hasira na furaha pamoja, sijui gani itatangulia kutoka. Hii ninaandika ilinipata mi mwenyewe. Mwenye ataona ni bongo, ni uongo, apande moto, pikipiki, mpaka Beni kisha arudi tuzungumuze.

Nianze na mbavu.

Bwana yangu, Kasereka, ni motard. Anabebaka batu na mizigo, Butembo kwenda Beni, Beni kurudi Butembo. Mvua moja ilimukuta mu mteremko, moto ikateleza, guidon, ile usukani yake, ikamupiga mu kifua.

Casque, kofia ya kukinga, ilikuwa ku kichwa. Nasema hivi juu najua kuko mwenye atakimbia kuandika "alikuwa na casque?" Ndiyo, alikuwa nayo! Kichwa haikupata hata mukwaruzo. Mbavu njo zilivunjika.

Wakuu, mulishaka ishi na mutu mwenye mbavu imevunjika? Hana plâtre ya kufunga mufupa, hana kidonda, batu banakuja kumuona banasema "mais papa uko muzuri!" Muzuri gani? Hakuweza kucheka. Hakuweza kukohoa. Mu nyumba tuliacha kukaanga pilipili, juu akipiga chafya moja analia kama mutoto. Na mutoto yetu, Merveille, alikuwa amezaliwa tu. Kasereka alikuwa anamuangalia ku mikono ya bengine, eye hawezi kumubeba.

Ile kitu ilinikaa mu roho. Nilijiuliza: kila mutu anahubiri casque, casque, casque. Kifua je? Moyo inakaaka ku kichwa?

Sasa, mbavu zimeshapona na eye amerudi ku kazi, siku moja nikaenda ku soko, kwa mama moja mwenye anauzaka tombola, ile nguo ya kuvaliwa kutoka Ulaya. Mi naendaka pale siku ya kufungua balle, furushi ya nguo, nachagua magauni ya kupunguza. Chini kabisa kukatoka kitu nyeusi, mzito kidogo, ndani mousse, sponji ya nguvu, imekatwa vipande vipande kama mugongo ya kobe.

Mama mwenye kuuza akasema: "Hii ni ya kuogelea."

Jirani yake akasema: "Hapana, ni ya polisi. Weka chini, itatuletea makambo."

Mi nilisoma coupe et couture mpaka diplôme. Nguo naisomaka kwa ndani, si kwa inje. Nikageuza, nikatafuta étiquette yenye banashonaka ndani. Kulikuwa kichwa ya farasi, ndogo, na kifaransa chini: ni gilet, kizibao ya kukinga kifua na mugongo, ya mutu mwenye anapanda farasi.

Farasi! Wakuu, mu Butembo mutu anaweza kuzeeka hajaona farasi hata moja. Lakini nikawaza hivi, na naomba muniambie kama niliwaza mubaya. Farasi iko na macho. Iko na uoga. Ikiona shimo, yenyewe inajua ni shimo. Na bado bazungu banasema mutu avae mousse ya namna hii juu yake. Sasa moto, yenye haina macho, haina uoga, iko inakimbia mu vumbi nyuma ya lori, mwenye kuiendesha anavaa nini? Chemise, shati tu!

Nikainunua. Nikaiosha, nikashona upya mikanda ya kando, nikamupelekea bwana.

Akaiangalia. Akasema: "Mama Merveille, batanicheka ku parking ya bamotard."

Nikamuuliza: "Bacheke. Mbavu ni ya nani?"

Akasema inaleta joto. Nikamuambia hata kitanda ya hôpital inaleta joto. Akasema wateja batakosa pa kushika. Nikamuambia bashike mikanda, niliishona kwa uzi mbili. Asubuhi yenye kufuata alitaka kutoka bila gilet, na mi nikapanda juu ya moto mu lupango, mu kiwanja yetu, nikakaa, mutoto mugongoni, nikakataa kushuka. Majirani bakatoka kuangalia. Haya njo ilimufanya avae.

Na kweli balimucheka. Ile parking yao iko na batu hawana kazi ingine ya mudomo. "Kasereka, farasi yako iko wapi? Umeifunga kwa nani?" Bengine bakawa banalia kama farasi akipita, na sijui sauti ya farasi baliisikia wapi. Bakamupa jina Cavalier, mupanda farasi. Wateja nabo: "Papa, tunaenda Beni ao tunaenda vita?"

Akawa anarudi mangaribi na uso ya kufunga. Anavua gilet, anaitupa ku kiti kama mutu anatupa ngozi ya ndizi. Mi nilikuwa nafuta vumbi, naiweka tena ku mulango. Nilijua siku moja ataisahau makusudi. Nilikuwa nangojea ile siku kwa hasira tayari.

Sasa tufike ku yenyewe.

Yaya yangu, dada mukubwa, anaishi Beni, mu Mulekera. Mutoto yake alikuwa anapata communion ya kwanza. Tukatoka asubuhi, Kasereka mbele na gilet yake nyeusi, mi nyuma, Merveille mugongoni mu kitenge. Jua muzuri, barabara kavu. Tukafika ku barrière moja ya basoda, baaskari ya jeshi, sitasema gani. Munajua desturi: abiria anashuka, motard anasukuma moto, kila mutu anapita na miguu, pièces, vitambulisho, mu mukono.

Soda moja kijana akamuona Kasereka.

"Yaka awa, kuja hapa! Nini oyo?"

Kasereka akasema: "Chef, ni gilet."

"Naona ni gilet. Gilet pare-balles, ya kuzuia risasi, ulitoa wapi?"

"Bibi yangu aliinunua ku tombola."

Ile soda akacheka, lakini haikuwa cheko ya muzuri. "Pare-balles ku tombola? Kesho utaniambia char ya vita banauzisha ku soko ya mboga."

Batu nyuma yetu bakaanza kusogea mbali kidogo kidogo. Benye banaishi huku banajua sababu. Huku kwetu, raia kuonekana na kitu ya jeshi si mambo ya kucheza. Bakamukalisha Kasereka chini, kando ya barabara. Bakamuambia avue.

Wakuu, niliogopa. Sitawadanganya. Lakini mi hasira yangu inatembeaka mbio kuliko uoga yangu. Nilijisikia tu niko nasema, tena kwa nguvu:

"Hii si ya risasi! Hii ni ya kupanda farasi!"

Mukubwa wao alikuwa anakula muhindi ya kuchoma mu kivuli. Akaamka polepole, akakuja. Akaangalia barabara upande huu. Akaangalia upande ule.

"Mama," akasema, "farasi iko wapi?"

Musururu muzima ukapasuka na cheko. Hata mwenye alikuwa na mbuzi ku porte-bagages, nyuma ya moto yake, alicheka.

Nikaona niko naharibika. Nikatoa épingle, ile pini, ku kitenge ya mutoto, nikachukua gilet mu mikono ya ile kijana bila kuomba ruhusa, nikachoma. Épingle ikaingia yote, mpaka kichwa.

"Chef, angalia! Ni mousse. Kama épingle ya mutoto imepita, risasi itashindwa? Pare-balles gani hii?"

Mukubwa akaguguna muhindi. Akaangalia étiquette, akaona ile kichwa ya farasi. Akaanza kutabasamu. Kisha akafanya kitu sikutegemea: akaivaa eye mwenyewe, akafunga mikanda, akatoa kifua mbele.

"Nipige."

"Chef, mi siwezi kupiga mukubwa."

"Piga! Ni ordre!"

Bon. Mi ni raia ya kutii. Nikakunja ngumi, nikapiga. Nilipiga ya ile kijana, nilipiga ya parking muzima yenye ilimuita bwana yangu Cavalier, nikaongeza ya guidon. Mukubwa akarudi nyuma hatua moja, macho yakafunguka.

"Sikusikia kitu!" akasema. Akapapasa kifua. "Hata kidogo. Hii kitu ni ya muzuri kabisa." Kisha akasema, polepole: "Hii nabaki nayo. Nyinyi pitieni."

Musururu ukasogea. Ku batu bengi pale, mambo ilikuwa imeisha muzuri. Tuko bazima, moto iko, njia imefunguka, tena nini? Mama moja akaninong'oneza: "Shukuru Mungu, dada, nenda." Nikageuka kumutafuta Kasereka. Nilizani atakuwa tayari juu ya moto, tena na furaha, juu ameponea aibu yake.

Kasereka alikuwa bado amekaa chini. Akaamka. Bwana yangu ku barrière anaongeaka kama mutoto ya katekisimu mbele ya padri, lakini ile siku akasema:

"Chef, hapana."

"Hapana nini?"

"Baki na pièces za moto kama unataka. Nitarudi kuzichukua. Gilet unirudishie."

"Papa, kwa sababu gani unang'ang'ana hivi?"

Kasereka akaangalia chini. Akasema: "Chef, juma yenye ilipita nilianguka. Ule mteremko ya Kabasha, lori ilinibana, nikaangukia guidon na kifua, palepale pa zamani. Nikaamka. Nikapangusa mteja matope, tukaendelea. Bila hii, ningekuwa naongea na weye leo?"

Wakuu.

Nilianguka? Alisema nilianguka?

Nilisahau basoda. Nilisahau bunduki. Nilisahau communion.

"Kasereka! Ulianguka?"

"Mama Merveille, tutaongea ku nyumba..."

"Ulianguka lini? Ile siku ulirudi na matope ukasema ulisaidia mutu kusukuma lori?"

"Nilimusaidia pia, kisha..."

"Kisha! Miye napika, nafua, naangalia huyu mutu anakula ugali mbele yangu, kumbe alianguka! Na ile gilet unaitupaka ku kiti kama takataka, kumbe inakuokoa na unanyamaza, juu unaogopa nitasema nilikuambia?"

"Ndiyo," akasema. "Juu utasema."

"NILIKUAMBIA!"

Ile soda kijana alikuwa ameinama, anashika tumbo. Mwenye mbuzi alikuwa analia machozi ya cheko. Mukubwa akaanza kufungua mikanda mbio mbio, kama gilet imeshika moto.

"Tika, tika, acheni! Papa, chukua kitu yako. Hii vita ya leo ni ya nyumba, mi siingie."

Kasereka akaivaa palepale. Akaifunga eye mwenyewe, mikanda yote, wala sikumusaidia. Wakuu, nilisikia furaha yenye sijasikia tangu mutoto alizaliwa. Nikapanda nyuma yake, kichwa juu, kama bibi arusi. Nilitaka parking yote ituone.

Moto ikawaka. Mukubwa akatuangalia kidogo, hakuwa anacheka tena. Akasema:

"Maman. Papa amevaa gilet. Weye umevaa mutoto."

Mi, mwenye mudomo inanitangulia kila mahali, nikapeleka tu mukono mugongoni, nikashika mutoto.

Juu ni kweli. Kama tungeanguka kinyumanyuma, nani angefika chini wa kwanza? Mutoto mugongoni. Mi nimehubiri kifua ya bwana mwezi muzima, na Merveille ako kati yangu na barabara, na kitenge tu.

Nikamuambia Kasereka asimame. Tukasimama mbele kidogo ya barrière. Nikafungua kitenge, nikamuleta Merveille mbele, kati yetu sisi bawili, nikamufunga ku kifua yangu. Uso yake ikalala juu ya ile mousse ku mugongo ya baba yake. Akalala usingizi mpaka Mulekera. Kasereka aliendesha polepole, malori yakatupita.

Sasa, yenye nimejifunza.

Casque peke yake haitoshi. Mwenye anapanda farasi avae, mwenye anapanda moto avae mara mbili. Na benye munakaa mahali kama kwetu, hapana vaeni nyeusi ao kijani bila kuifunika. Saa hii niliishonea gilet nguo ya kitenge, maua manjano makubwa. Hakuna soda ku dunia ataita ile pare-balles. Ku parking bado banacheka, lakini bibi ya moja yao amekuja kwangu kuuliza kama naweza kushona ingine na mousse ya matelas, ya godoro. Nikamuambia ya matelas ni laini, itamudanganya. Niko natafuta ya nguvu. Mwenye anajua inauzwa wapi, aseme.

Na hii ingine njo nauliza kwa roho yote. Kumuweka mutoto kati si dawa, najua. Mwenye ataniambia nibaki ku nyumba, anitumie gari. Sisi bamama huku tunapanda moto na batoto kwenda hôpital, kwenda shamba, kwenda ku misa, kila siku. Gilet ya mutu mwenye anabeba mutoto iko? Inafananaka je? Kama haiko, tuishone namna gani ili ikinge mama bila kumubana mutoto?

Benye muko na akili ya kushona, benye mulianguka mukaamka, hata bamotards ya ile parking kama muko humu ndani, semeni. Andikeni sasa, mutoto amelala.